Damu ya Watu Wawili

Temeke, 22 Machi 1953

Kwa mume wangu Salumu bin Kondo,

Hatujambo, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nishike kalamu kabla sijamaliza kuosha vyombo. Jabiri amelala tena. Safari hii ni miguu yote miwili na mgongo. Ukimgusa shuka tu, analia. Ana miaka minne, lakini kilio chake ni cha mtu mzima. Jana aliniuliza, "Mama, nani ananipiga humu ndani?"

Alhamisi nilimpeleka hospitali. Daktari Kamugisha, yule Mhaya anayemtibu tangu alipovimba vidole akiwa bado wa kunyonya, alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akasema ni baridi yabisi. Nikamwambia, "Bwana Daktari, baridi yabisi si ya wazee?" Akatabasamu, akatoa vidonge vya maumivu, akasema nimfunike vizuri. Maneno yale yale ya mwaka jana na ya mwaka juzi.

Mama yako anasema hospitali haijui mambo haya. Amekwenda kwa mganga wa Mbagala, akaambiwa mtoto ana jini wa baharini, na dawa yake aogeshwe maji ya bahari alfajiri, jua halijatoka, juma zima. Mie moyo unakataa. Masika yameanza, asubuhi kuna baridi, na mtoto akipata baridi kidogo tu hulala siku mbili. Nimemwambia Mama kwa adabu tumsubiri baba mtoto aseme. Amenuna, na chakula nilichopika mie hakigusi.

Mdogo wake, Mwanakombo, anakua, anacheka peke yake akitazama makuti ya paa.

Niambie neno, mume wangu. Ukisema hapana, Mama atasikia. Mie hanisikii.

Mkeo,
Mwamvita binti Jamali


Tabora, 1 Aprili 1953

Mke wangu Mwamvita,

Barua yako nimekabidhiwa niliposhuka kwenye treni ya Kigoma, nimeisoma nikiwa bado na koleo la kutobolea tiketi mkononi. Nimeumia kwa ajili ya Jabiri, Mungu anajua.

Lakini nisikilize. Mama yangu amezaa saba na kulea saba. Wewe umezaa wawili. Daktari huyo mwaka wa nne sasa anatoa vidonge vile vile na mtoto haponi, tunamng'ang'ania kwa lipi? Mama akisema apelekwe baharini, apelekwe. Usiniaibishe kwa mzee wangu kwa jambo la maji.

Mwambie Jabiri likizo yangu ni Septemba, na nitamletea asali ya huku, nyeusi, ambayo hajapata kuionja.

Mumeo,
Salumu


Temeke, 12 Mei 1953

Kwa Bwana Daktari Didas Kamugisha,

Mie ni mama yake Jabiri Salumu, aliyefia wodini kwako mwezi uliopita. Arobaini yake haijafika. Huenda unamkumbuka. Nililetwa naye kwa rikshoo ya Mhindi jirani yetu, midomo imekuwa myeupe, nguo bado ina chumvi ya bahari. Ulimtazama, ukaniuliza, "Nani amemwogesha mtoto huyu asubuhi hii?" Nikasema bibi yake. Ukageuza uso.

Sikuandikii kuuliza kwa nini amekufa. Mungu ndiye aliyempa na ndiye aliyemchukua. Naandika kwa sababu ya neno nililolisikia. Nilipokuwa nimeketi sakafuni kando ya kitanda chake, nesi mmoja alimwambia mwenziwe, "Ndiye huyu mtoto wa sikoseli. Daktari alimpima damu hata kutambaa hajaanza." Yule mwenziwe akamkonyeza kwamba mama yupo.

Hiyo sikoseli ni kitu gani, Bwana Daktari? Na kama ulikijua mwanangu hajaanza kutambaa, mbona mie nikaambiwa baridi yabisi?

Nimesoma shule mpaka darasa la nne. Nijibu kwa Kiswahili cha kawaida, nitaelewa.

Mwamvita binti Jamali


Dar es Salaam, 21 Mei 1953

Bibi Mwamvita,

Pole sana kwa msiba. Jabiri alikuwa mtoto mpole, na manesi walimpenda.

Ulichosikia ni kweli. Ulipomleta mara ya kwanza, mikono na miguu imevimba, nilichukua tone la damu yake nikalifunika kwa kioo, na kesho yake nikalitazama kwa darubini. Chembe za damu kwa kawaida ni za mviringo. Zake zilikuwa zimejipinda kama mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, na zinapokwama ndipo mtoto anapolia. Baridi huzidisha, kiu huzidisha, homa huzidisha. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo, si hapa wala Ulaya. Watoto wengi wenye nao hawafiki umri wa kwenda shule.

Unauliza mbona sikusema. Zamani nilikuwa nikisema. Nilimwambia mama mmoja wa Kinondoni, mtoto wake akiwa wa miezi saba. Alinisikiliza kwa utulivu, akanishukuru, hakurudi tena. Nilipoulizia, nikaambiwa mumewe amemrudisha kwao, na mtoto hapelekwi tena hospitali hata akiwaka homa, kwa kuwa daktari amekwisha sema ni wa kufa. Mama mwingine aliacha kumnyonyesha wake. Nikajiuliza neno langu limewasaidia nini. Mkubwa wangu hapa, Mzungu, ana rai hiyo hiyo: ugonjwa usio na dawa, usimtajie mama jina lake.

Miaka minne umemlea mwanao kwa furaha, bila kuhesabu. Ningekunyang'anya furaha hiyo nikupe nini badala yake?

Wako katika kazi,
D. Kamugisha


Temeke, 2 Juni 1953

Bwana Daktari,

Umeuliza ungenipa nini. Ungenipa kinywa.

Mama mkwe aliposema mtoto apelekwe baharini, mie nilikuwa na moyo tu unaokataa, na moyo wa mwanamke haupati kiti barazani. Ningekuwa na neno lako, ningesema, "Daktari amekataza baridi, mtoto huyu ana ugonjwa, jina lake hili." Ningemfungia mlango. Ningelala juu yake. Badala yake nilimfunga kanga nikamtoa kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu baba yake ameandika, na bibi yake amesema, na wewe umenyamaza. Watu watatu mmejua zaidi yangu, na mie ndiye niliyembeba.

Tena unasema furaha. Furaha ipi? Ulikuwapo alipokuwa akiniuliza nani anampiga? Nilimfikiria jini, nikamfikiria jirani yetu asiye na mtoto, maskini ya Mungu, mpaka nikaacha kumwitikia salamu. Nilijifikiria mwenyewe kwamba nimekula kitu kibaya nikiwa na mimba. Usiku wangu wote ulikuwa wa hesabu, ila sikujua ninahesabu nini.

Yule mama wa Kinondoni umemwambia mtoto wake ana ugonjwa. Je, ulimwambia na la kufanya? Ama ulimpa jina ukamwacha nalo mlangoni?

Sasa Mwanakombo, ndugu yake Jabiri, ana miezi mitano. Jumatatu nakuja naye. Mpime. Nipime na mie. Na majibu uniambie mie, usoni, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwamvita


Dar es Salaam, 8 Julai 1953

Kwa Bwana Salumu bin Kondo, Tabora

Bwana Salumu,

Hatujapata kuonana, lakini nilimtibu marehemu mwanao, na sasa nakuandikia kuhusu binti yako, kama mwanamume kwa mwanamume mwenziwe.

Mkeo amemleta mtoto apimwe, naye akapimwa pia. Ni mama shupavu, lakini msiba bado mbichi, na nimeona si busara kumweleza kabla ya mwenye nyumba kujua. Nimemwambia asubiri.

Mtoto anao ugonjwa uliomwua kaka yake. Nimeona damu yake, nimeona wengu umeanza kukua. Damu ya mkeo nayo hujipinda, ingawa yeye ni mzima na atabaki mzima. Hapa nakuomba usome polepole: mtu aliyerithi damu hii upande mmoja haugui. Anayeugua ni yule aliyeipokea pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo, Bwana Salumu, damu yako nayo haina budi kuwa hivyo. Si kosa lako wala si kosa lake. Mmerithi kwa wazee wenu kama mnavyorithi urefu na rangi.

Nenda hospitali ya huko Tabora wakutoe tone moja, uhakikishe. Kisha umweleze mkeo kwa hekima, maana wewe ndiwe unayemjua. Mtoto alindwe na baridi, anywe maji mengi, apewe vidonge vya kuzuia malaria, na aletwe kwangu upesi kila apatapo homa.

D. Kamugisha


Tabora, 29 Julai 1953

Mwamvita binti Jamali,

Nimepata barua ya daktari wako. Mimi niko Tabora nafanya kazi, wewe unakwenda kuchanjwa damu na wanaume bila ruhusa yangu, kisha habari za nyumba yangu nazipata kwa Mhaya.

Amenieleza yote. Amesema damu yako imejipinda. Ndivyo alivyoandika, imejipinda, na ndiyo iliyomwua mwanangu, na ndiyo inayomla huyu wa pili. Mama yangu alisema zamani kwamba kwenu kuna jambo, mie nikamkatalia kwa mapenzi niliyokuwa nayo. Kumbe yeye alikuwa anaona. Na bado ulithubutu kumwambia mama yangu, mbele ya watu wa matanga, kwamba ni yeye aliyemwua Jabiri kwa maji.

Kwetu hakuna aliyepata kuugua ugonjwa huo. Sie ni watu wa afya.

Nimekuacha talaka moja. Nimewaandikia na Mama na baba yako wajue. Mtoto kaa naye wewe, ndiye wa damu yako.

Salumu bin Kondo


Tegeta, 17 Agosti 1953

Bwana Daktari,

Nakuandikia kutoka kwa baba yangu, Mzee Jamali, ambako nimerudishwa na kasha langu na mtoto. Kutoka hapa mpaka kwako ni safari ya lori, siku likipita.

Nilikuomba kitu kimoja, nikasema usoni. Nilikuja Jumatatu, nikaja na ya pili yake, ukaniambia, "Subiri, mama, bado." Kumbe majibu yalikwisha panda treni. Mume wangu ndiye aliyeniambia nina damu iliyojipinda. Ameniambia kwa talaka.

Sasa niambie wewe. Ni kweli nimewaua wanangu kwa damu yangu? Baba yangu ananitazama ninavyomnyonyesha Mwanakombo, na jana aliniuliza kama si afadhali apewe maziwa ya ng'ombe.

Mwamvita


Dar es Salaam, 3 Septemba 1953

Bibi Mwamvita,

Hukuwaua. Nilimwandikia mumeo kwa maneno ambayo hata mtu asiye msomi angeelewa, kwamba mtoto huugua akipokea damu hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kwamba naye akapimwe. Nimeuliza kwa mwenzangu wa Tabora. Mumeo hakwenda. Kama amekueleza nusu, nusu nyingine ameifunika mwenyewe. Mnyonyeshe mtoto; ugonjwa huu haupiti katika maziwa. Mwonyeshe baba yako barua hii.

Nilimwandikia yeye kwanza kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu, ya hospitali na ya nyumbani pia. Sikujua kama angefanya hivi. Lakini uniruhusu niseme, bila kukuudhi: hivi ndivyo inavyokuwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa Kinondoni. Ulinishutumu kwa kunyamaza, na sasa umeona kusema kunazaa nini. Baada ya jambo lako nimekata shauri kurudi kwenye kimya changu. Nitawatibu watoto, sitawapa wazazi jina.

Kwako wewe, kwa kuwa umekwisha jua, haya ndiyo ya kufanya. Mtoto anywe maji hata kama hana kiu. Asilale na nguo mbichi, asikae kwenye upepo. Vidonge vya malaria kila juma, nimempa dereva wa lori akuletee. Kila asubuhi mpapase chini ya mbavu za kushoto; ukikuta uvimbe umekua ghafla, au viganja na ulimi vimekuwa vyeupe, usingoje kesho. Akivimba mikono mtu asimchanje, mkande kwa kitambaa cha moto.

D. Kamugisha


Tegeta, 14 Januari 1955

Kwa dada yangu Hija, mke wa Salumu bin Kondo, Tabora

Shangazi yake Salumu amepita huku, akaniambia umeolewa tangu baada ya Ramadhani na kwamba u mtu mwema. Usishtuke kupata barua ya mke aliyeachwa. Simtaki tena mume huyo, na sina wivu uliobaki. Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, kwa sababu nimechoka na habari zinazopita kwa watu wengine kabla ya kumfikia mwenyewe. Daktari nimemwambia nataka kukuandikia, akanisihi niache, akasema nitavunja nyumba ya pili.

Nilizaa na Salumu watoto wawili. Wa kwanza, Jabiri, alikufa akiwa na miaka minne. Alikufa kwa ugonjwa wa damu uitwao sikoseli. Si jini, si kijicho, na wala si damu yangu peke yake. Mtoto huupata akirithi kwa baba na kwa mama. Salumu anayo damu hiyo. Yeye haumwi, wala mie siumwi, na ndiyo maana haionekani. Daktari alimwandikia akapimwe, akakataa.

Wewe huenda huna damu hiyo, na kama huna, watoto wako hawatapata ugonjwa huu, naomba Mungu iwe hivyo. Lakini nenda ukapimwe. Ni tone moja la kidole. Ukiambiwa unayo, mtoto wako apimwe mapema, usingoje alie. Mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu katika mwaka wa kwanza, watakuambia ni baridi, watakuambia ni meno. Wewe kataa. Usimpeleke majini. Mpe maji ya kunywa, mfunike, mkimbize hospitali, na umwulize daktari kwa sauti mbele ya watu: "Ni sikoseli?" Akikuambia subiri, keti hapo hapo.

Mwanakombo wangu ana miaka miwili sasa. Mwaka jana wakati wa masika viganja vyake viligeuka vyeupe kama unga. Mie nilijua ninachokiona. Nililisimamisha lori la nazi kwa kusimama katikati ya barabara, dereva akanitukana, nikapanda naye akinitukana. Tulifika, akaongezwa damu, baba yangu ndiye aliyetoa, na akaishi. Watu hapa wanasema ni bahati. Si bahati. Nilikuwa nimeambiwa. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yake na kaka yake, na sitaki wewe uinunue kwa bei niliyoinunulia mie.

Siwezi kukuahidi kwamba ataishi sana. Hakuna aliyeniahidi. Lakini ninamlea nikijua ninamlea nani.

Ukitaka kuuliza lolote, niandikie.

Dada yako,
Mwamvita binti Jamali


Tabora, 20 Februari 1955

Kwa Dada Mwamvita,

Shikamoo dada yangu. Mimi ni Hija. Kalamu ni ya jirani yangu Sesilia, maana mimi sikupata shule, na mume wangu yuko safari na treni. Barua yako ilifika, yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea jioni tukiwa tumeketi. Alisema hakuna haja ya kujibu, lakini mama yangu alinifunza kwamba salamu hujibiwa, hata ikitoka mbali.

Ahsante sana kwa dua zako. Nimefurahi mpaka nikalia uliposema umenisamehe na kunitakia watoto wengi wenye afya. Sikutegemea. Watu wa hapa walikuwa wananitisha kwamba mke wa kwanza ataniapiza.

Tena umenipa amani kubwa uliponieleza kwamba Jabiri alifariki kwa surua. Nilikuwa na hofu moyoni, kwa kuwa nilisikia maneno ya ugonjwa katika ukoo, na kumwuliza mume wangu niliona haya. Alipofika hapo katika kusoma alifuta macho, akasema moshi wa taa umemwingia machoni, nikajua bado anamlilia mwanawe. Barua yako nilitaka kuiweka katika kasha langu, lakini alikwisha ichoma, anasema barua za misiba hazikai ndani ya nyumba ya mja mzito.

Maana ndiyo, dada, nina mimba ya miezi sita. Mama mkwe amekuja kutoka Temeke kunitunza, na amesema atakaa mpaka mtoto atembee. Ninamshukuru Mungu kwa watu walionizunguka.

Nisalimie Mwanakombo. Mwambie atapata mdogo wake.

Mimi mdogo wako,
Hija